Kununua jibini ya Kifaransa: soma kibandiko kabla ya jina

Neno "camembert" halina mwenyewe. Kiwanda chochote, katika nchi yoyote, kinaweza kuliandika juu ya kikasha cha mviringo na kuuza. "Camembert de Normandie" ina masharti yake: maziwa mabichi kutoka eneo lililopimwa la Normandie, angalau nusu yake yawe ya ng'ombe wa aina ya Normande, na mgando uchotwe kwa upawa na kumiminwa kwenye kalibu kwa awamu zisizopungua tano. Maneno mawili yameongezwa kwenye jina, na kilichomo ndani ya kikasha ni kitu kingine kabisa. Brie nayo ni hivyo hivyo: "brie" ni jina la jumla, ila "Brie de Meaux" na "Brie de Melun" zimefungwa na sheria. "Sainte-Maure", gogo la jibini ya mbuzi, kwa jina hilo peke yake haimbani mtu. "Sainte-Maure de Touraine" inambana.

Ndiyo maana anayeanza kuzijua jibini za jadi za Ufaransa hana haja ya kukariri majina mia. Ajifunze kwanza kusoma kibandiko. Majina yatamjia yenyewe.

Maneno yanayobeba uzito

Herufi za kutafuta ni AOP (appellation d'origine protégée, jina la asili linalolindwa), katika duara la nyekundu na njano. Zinamaanisha kwamba eneo, aina ya mifugo, malisho, namna ya kutengeneza na muda wa kuiva vyote vimeandikwa kwenye kanuni na vinakaguliwa. Roquefort ndiyo jibini ya kwanza kulindwa namna hii, kwa sheria ya mwaka 1925, na leo Ufaransa ina zaidi ya jibini 40 za AOP. IGP (indication géographique protégée, utambulisho wa eneo unaolindwa), yenye duara la buluu na njano, ni ulinzi mwepesi zaidi. Tomme de Savoie na Saint-Marcellin zimo humo, na ni jibini nzuri. Ni masharti tu yaliyolegea kidogo.

Baada ya hapo tazama maziwa. "Lait cru" ni maziwa mabichi, ambayo hayakupashwa moto kupita nyuzi 40. "Thermisé" yamepashwa zaidi ya hapo bila kufika kiwango cha kuua vijidudu vyote vya hatari. "Pasteurisé" yamefikishwa kama nyuzi 72 kwa sekunde 15 hivi. Tofauti iko kwenye vijidudu vya asili vya zizi na malisho. Vikifa, mtengenezaji huongeza vingine vya kununua, na ladha hunyooka ikawa ile ile mwaka mzima. Wengi hukosea hapa kwa kudhani AOP lazima iwe ya maziwa mabichi. Si lazima. Fourme d'Ambert, Cantal, Bleu d'Auvergne na Pont-l'Évêque zinaweza kuwa za maziwa yaliyopashwa moto na bado zikabeba alama hiyo. Kama unataka maziwa mabichi, tafuta maneno "au lait cru" yenyewe.

Neno la tatu ni "fermier": jibini imetengenezwa shambani, kwa maziwa ya mifugo ya shamba hilo peke yake. "Laitier" ina maana kwamba maziwa yamekusanywa kutoka mashamba kadhaa. "Fruitière", ambalo utaliona sana Jura na Savoie, mikoa ya milima ya mashariki, halihusiani na matunda. Ni ushirika wa wafugaji wanaopeleka maziwa yao kwenye kiwanda kimoja cha kijijini, na jibini bora kabisa hutoka huko.

Maneno kama "recette traditionnelle" (mapishi ya jadi), picha ya bibi mwenye kilemba au ya ng'ombe mlimani hayakwambii lolote kuhusu maziwa. Yapite.

Jibini nyingine hubeba utambulisho wao mwilini. Reblochon ina kidude kidogo cha rangi kilichoganda kwenye ganda: kijani ni ya shambani, nyekundu ni ya kiwandani. Saint-Nectaire huonyesha kwa umbo: kibandiko cha yai ni shamba, cha mraba ni kiwanda. Ukivuta bua lililopita katikati ya Sainte-Maure de Touraine utakuta limechorwa alama ya mtengenezaji. Comté, jibini ya mlimani yenye umbo la gurudumu kubwa, ina mkanda ubavuni, wa kijani kwa gurudumu lililopata alama 14 au zaidi kati ya 20, wa kahawia kwa lile lililopata kati ya 12 na 14. Chini ya hapo linanyimwa jina. Ila mkanda huo hausemi umri. Comté ya miezi sita yaweza kuwa na mkanda wa kijani, na ya miezi 20 ikawa na wa kahawia. Umri unauliza kwa mdomo.

Laini zenye ganda jeupe

Camembert na Brie huiva kutoka nje kwenda ndani. Kuvu nyeupe iliyo juu ya ganda hulainisha nyama ya jibini taratibu, ndiyo maana camembert changa ina kiini cheupe kinachomeguka kama chaki, kimezungukwa na tabaka la krimu. Hilo si kosa, ni uchanga, na wapo Wafaransa wanaoipenda hivyo. Iliyoiva ina rangi ya majani makavu hadi katikati na inabonyea sawasawa kote ukiigusa kwa kidole gumba. Ikibonyea ukingoni na kuwa ngumu katikati, iache siku tatu au nne. Ikitoa harufu kali ya amonia inayopanda puani, imepita. Kuiacha wazi nusu saa huondoa harufu nyepesi, ile nzito haiondoki. Kwenye jibini za vikasha, tarehe ya mwisho ya kutumia ni kipimo cha kuiva: zilizo karibu na tarehe ndizo zilizoiva zaidi, na mara nyingi ndizo za kununua ukila leo.

Brie de Meaux ni sinia la sentimita 36 hadi 37, linalomeza kama lita 25 za maziwa, kwa hiyo utauziwa kipande. Faida yake ni kwamba unaona ndani kabla ya kulipa. Tafuta uso ulioumuka kidogo bila kumwagika. Mstari mwembamba mweupe katikati unavumilika. Brie de Melun ni ndogo, ina chumvi zaidi na ukali zaidi, na si ya kuanzia.

Zenye ganda la rangi ya machungwa

Époisses huoshwa kwa pombe kali ya zabibu ya Bourgogne, Munster kwa maji ya chumvi, Livarot hufungwa mikanda mitatu hadi mitano ya matete. Zinanuka. Harufu hiyo inatoka kwenye ganda, na ndani ni tamu na laini kuliko pua inavyotishia. Ganda liwe na unyevunyevu unaonata kidogo. Likikauka na kupasuka, jibini ilikaa mahali pakavu mno. Likiwa na utelezi na rangi ya kahawia iliyokolea, imechoka.

Za milimani

Hapa ndipo pesa yako inapofanya kazi vizuri zaidi, kwa sababu jibini hizi hudumu, husafiri, na muuzaji anaweza kukuonjesha kabla hujanunua.

Gurudumu moja la Comté lina uzito wa kilo 40 hivi na limetokana na kama lita 400 za maziwa mabichi ya ng'ombe wa Montbéliarde na Simmental. Umri wa chini kisheria ni miezi minne. Kati ya miezi minane na 12 ladha ni ya siagi na karanga mbichi. Kuanzia 18 hivi inaingia ladha ya mchuzi, vitunguu vilivyokaangwa na matunda makavu. Nukta nyeupe zinazokwaruza meno si chumvi, ni fuwele za protini iliyovunjika, dalili ya ukomavu. Mipasuko midogo ya mlalo ndani yake haina shida. Rangi nayo inazungumza: Comté ya manjano ni ya maziwa ya kiangazi, ng'ombe walipokula majani mabichi yenye karotini, iliyopauka ni ya majira ya baridi, walipokula majani makavu. Usikubali kuambiwa kwamba ya zamani zaidi ndiyo bora zaidi. Comté ya miezi 30 inauzwa ghali, na nyingi zina uchungu mwishoni. Onja ya 12 na ya 18 sambamba, kisha amua.

Beaufort utaitambua kwa ubavu wake uliobonyea kwa ndani. Maneno ya nyongeza ndiyo ya kutafuta: "Beaufort d'été" imetengenezwa kati ya Juni na Oktoba, na "Beaufort chalet d'alpage" imetengenezwa juu ya mita 1,500, kwa maziwa ya kundi moja. Cantal ina hatua tatu: "jeune" ya mwezi mmoja hadi miwili, "entre-deux" ya miezi mitatu hadi saba, na "vieux" ya zaidi ya miezi minane. Wengi hununua jeune kwa sababu ni rahisi, kisha husema Cantal haina ladha. Chukua entre-deux. Jirani yake, Salers, hutengenezwa shambani tu, kuanzia Aprili 15 hadi Novemba 15, mifugo ikiwa malishoni, ndani ya pipa la mbao ambalo mbao zake zenyewe hubeba vijidudu vya kuchachusha.

Ukienda upande wa Pyrénées, Ossau-Iraty ni ya kondoo, tamu, yenye mafuta. Mtu anayeogopa jibini mpe hii.

Za buluu

Roquefort ni maziwa mabichi ya kondoo wa Lacaune, na lazima ipitie mapango ya Roquefort-sur-Soulzon, chini ya mlima Combalou, ambako nyufa za mwamba huingiza hewa baridi yenye unyevu. Inaanza kuuzwa baada ya siku 90. Nyama iwe na rangi ya pembe ya ndovu, na mashimo yenye kuvu yafike karibu na ukingo. Ikiwa ya kahawia na inaelea ndani ya maji yake kwenye karatasi ya fedha, iache dukani. Chumvi hupakwa kwa nje, hivyo ukingo una chumvi kuliko katikati. Omba kipande chenye sehemu zote mbili. Kama Roquefort inakuzidi nguvu, Fourme d'Ambert, mnara mwembamba wa maziwa ya ng'ombe, ndiyo njia ya upole ya kuingilia.

Za mbuzi

Maziwa ya mbuzi hayana rangi ya karotini, ndiyo maana jibini yake ni nyeupe kabisa ndani. Maumbo ni ya kijiometri: Valençay ni piramidi iliyokatwa kichwa na kupakwa majivu ya mkaa, Pouligny-Saint-Pierre ni piramidi ndefu, Selles-sur-Cher ni kisahani cheusi, Rocamadour ni kijisahani cha gramu 35, Banon imefungwa kwa majani ya mti wa chestinati na uzi wa rafia. Majivu yanaliwa.

Umri ndio kila kitu hapa. Crottin de Chavignol changa ni laini na yenye uchachu wa mtindi. Baada ya wiki chache inasinyaa, inapata madoa ya buluu, na ladha ya karanga inajitokeza. Kavu kabisa inamenyeka kwa kisu kama jiwe la chokaa. Maneno ya dukani ni "frais", "demi-sec" na "sec". Ukiwa na nafasi, nunua moja ya kila hatua kutoka kwa mtengenezaji mmoja: hakuna somo la jibini lililo rahisi zaidi, na lina bei ndogo. Ganda lenye mikunjo ni la kawaida. Likiteleza na kuachana na nyama, jibini iliwekwa na maji mengi. Manyoya ya kijivu yaliyosimama kama ya paka ni kasoro kwenye jibini laini, lakini ni sura ya kawaida kwenye Tomme de Savoie na Saint-Nectaire.

Msimu

Mbuzi huzaa mwishoni mwa majira ya baridi, hivyo jibini yake ina nguvu kuanzia Machi au Aprili hadi mwanzo wa vuli. Mont-d'Or, au Vacherin du Haut-Doubs, hutengenezwa kati ya Agosti 15 na Machi 15, na kuuzwa kati ya Septemba 10 na Mei 10. Ukiiona Julai, si yenyewe. Kwa nyingine fanya hesabu rahisi: chukua mwezi wa majani mazuri, Mei au Juni, kisha ongeza muda wa kuiva. Reblochon na Saint-Nectaire za shambani hutoka zimenona kiangazi. Beaufort ya majani hayo hayo utaisubiri hadi majira ya baridi au zaidi.

Mbele ya kaunta

Duka la jibini huitwa "fromagerie" au "crèmerie". Likiandikwa "affineur", mwenyewe ananunua jibini changa na kuziivisha kwenye chumba chake cha chini, jambo linalofaa kulipiwa. Kola ya buluu, nyeupe na nyekundu shingoni mwa muuzaji ni ya cheo cha Meilleur Ouvrier de France, mtihani mgumu wa ufundi. Maduka mengi hufungwa Jumatatu, hupumzika mchana, na Jumapili hufanya kazi asubuhi tu. Sokoni, mwenye meza yenye aina nne au tano za mbuzi peke yake kwa kawaida ndiye aliyezitengeneza. Mwenye aina themanini ni mchuuzi. Supamaketi si mahali pa kudharau, mradi uende kwenye kaunta ya "à la coupe" wanakokata mbele yako, ukaache pakiti za plastiki.

Sema "bonjour" kabla ya neno lolote. Ukianza na swali utahudumiwa, lakini kwa uso mwingine.

Kisha taja siku na saa utakapokula: "pour ce soir" (ya leo jioni), "pour dimanche midi" (ya Jumapili mchana). Hili ndilo neno ambalo muuzaji analisubiri, maana atabonyeza camembert tano nyuma ya kaunta na kukupa ile itakayokuwa tayari Jumapili. Kazi ya kubonyeza ni yake, wewe usiguse. Za magurudumu omba kuonja, "je peux goûter ?", ila jibini ndogo nzima hazionjeshwi. Anapoweka kisu juu ya gurudumu, mwonyeshe unene kwa vidole au taja gramu kabla hajakandamiza, maana kikishakatwa ni chako. Bei huandikwa kwa kilo kwa zile za kukata na kwa kipande kwa ndogo: kwenye bango la euro 28 kwa kilo, gramu 250 ni euro 7. Ganda la Comté linapimwa pamoja, hivyo kipande chenye ganda pande mbili ni hasara ndogo.

Kwa kufunga mlo, gramu 60 hadi 80 kwa kila mtu zinatosha. Jibini ikiwa ndiyo mlo wenyewe pamoja na mkate, fika gramu 200. Aina tatu zilizoiva sawasawa zinashinda saba zilizookotwa ovyo: moja ya mbuzi, moja ya mlimani, moja laini au ya buluu. Nunua ya siku tatu au nne tu.

Nyumbani

Iache kwenye karatasi ya duka. Plastiki ya kubana huzuia pumzi, maji hukusanyika, na amonia hufuata. Droo ya mboga ya friji ndiyo mahali pake. Zinazonuka zitie kwenye kopo, za buluu kwenye karatasi ya fedha. Usigandishe kwenye friza: maji hugeuka barafu, nyama hukatika, na laini hubaki punje punje. Itoe saa moja kabla ya kula, mbuzi changa nusu saa. Jibini baridi haina harufu, na wengi huilaumu jibini kwa kosa la friji.

Kukata kuna kanuni moja: kila mtu apate kiini na ganda. Za mviringo na piramidi hukatwa kama keki, gogo la mbuzi vipande vya duara baada ya kuvuta bua, Roquefort kama upepeo uliokunjuliwa, kutoka ncha ya chini katikati. Kukata pua ya kipande cha Brie, yaani ile ncha iliyoiva vizuri, na kuwaachia wengine ukingo, ni utovu wa adabu mezani. Mont-d'Or huchotwa kwa kijiko. Ganda jeupe na la kuoshwa linaliwa. La Comté na Beaufort unaliacha sahanini.

Wajawazito, watoto chini ya miaka mitano, wazee na wenye kinga dhaifu wasile jibini za maziwa mabichi, kwa sababu ya vijidudu vya listeria, salmonela na aina hatari za E. coli. Isipokuwa zile ngumu za kupikwa kama Comté na Beaufort, ganda likiwa limeondolewa. Mwambie muuzaji, atakuelekeza bila kukasirika.

Kama unasafiri nayo, omba "sous vide", kufungwa bila hewa, kwa zile ngumu tu, camembert hupondeka. Uwanja wa ndege, jibini laini huhesabiwa kama kimiminika, hivyo kwenye mkoba wa mkononi kisanduku cha gramu 250 kinaweza kubaki kwa mkaguzi. Itie kwenye sanduku linaloingia tumboni mwa ndege, baada ya kusoma sheria za forodha za unakokwenda, kwani nchi kadhaa hukataa za maziwa mabichi au bidhaa zote za maziwa. Ukifika, fungua pakiti siku hiyo hiyo, futa unyevu kwa karatasi safi, ifunge upya kwenye karatasi ya nta, na uiache mpaka kesho kabla ya kuonja: ikitoka kwenye plastiki huwa na ladha iliyojifunga.